Kuweka noti si kukumbuka: Apu ipi imfaayo mwanafunzi wa Meru na Embu?

MWANAFUNZI wa uuguzi anayejiandaa kwa mtihani mjini Meru au Embu huwa na noti kila mahali: daftari tatu zenye majalada yaliyochakaa, picha za ubao alizopiga kwa simu, faili za PDF zilizotumwa na wahadhiri kwenye kikundi cha WhatsApp, na rekodi za sauti ambazo hajawahi kuzisikiliza. Anapowauliza wenzake atumie apu gani ili mambo hayo yote yamkae kichwani, hutajiwa majina kumi kwa dakika moja.

Ushauri huo, japo una nia njema, huchanganya kazi mbili zisizofanana. Apu ya kuandikia noti ni ghala. Kazi yake ni kupokea, kupanga na kurudisha kitu kinapotafutwa. Apu ya kudurusu ni mtahini. Kazi yake ni kuuliza, kisha kuuliza tena siku ile ambayo jibu linakaribia kutoweka akilini.

Mwanafunzi aliye na ghala lililopangwa vizuri lakini hana mtahini anaweza kuingia katika chumba cha mtihani, au vibaya zaidi katika wadi, akijua kwamba jibu analo, ila liko ndani ya simu.

Mfano wa wadi haujatiwa chumvi. Chuo cha Mafunzo ya Matibabu (KMTC) kina bewa Meru na jingine Embu, na wanafunzi wake hujifunzia kazi hospitalini. Mama aliyepatwa na kifafa cha mimba hupewa magnesiamu salfeti. Dawa hiyo huokoa maisha, lakini ikizidi mwilini huweza kumzuia mgonjwa kupumua, na dawa ya kuizima ni kalsiamu glukonati.

Aidha, kabla ya kila dozi inayofuata, muuguzi hukagua mambo matatu: kwamba mama anapumua angalau mara 16 kwa dakika, kwamba goti lake linaitikia linapogongwa, na kwamba mkojo wake haupungui mililita 30 kwa saa. Yote hayo yamo katika noti za darasani. Swali ni iwapo yatakuja yenyewe saa tisa usiku, wakati hakuna wa kumuuliza.

Aliyeanza kuchunguza kusahau kwa njia ya kisayansi ni Mjerumani Hermann Ebbinghaus, ambaye alijifanyia majaribio yeye mwenyewe. Alikariri orodha ndefu za silabi zisizo na maana, akapima ni kiasi gani kilichosalia baada ya dakika, saa na siku kadhaa, na mnamo 1885 akachapisha kitabu kuhusu aliyoyaona. Aligundua kwamba mtu husahau kwa kasi mno mwanzoni, kisha kasi hiyo hupungua. Na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa huhitaji jasho dogo kuliko yaliyorundikwa katika siku moja.

Mnamo 2006, watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, waliongeza jambo jingine. Waliwapa wanafunzi makala mafupi. Baadhi yao waliyasoma mara mbili, wengine waliyasoma mara moja kisha wakaandika yote waliyoyakumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili waliongoza kwa kukumbuka asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliosoma tena walisalia na asilimia 42, nao waliojitahini wakawa na 56.

Takwimu hizo zinaeleza kosa la kale la mabwenini. Mwanafunzi husoma ukurasa ule ule mara nne, akapaka mistari rangi ya manjano, akahisi kwamba ameuelewa. Kumbe anachohisi ni kuuzoea ukurasa, na mtihani haumwonyeshi ukurasa.

Wazee wa Meru wasingeshangazwa na matokeo hayo. Nchiru, eneo la Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kwenye barabara ya kuelekea Maua, ndipo pia yalipo makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee ambalo kwa vizazi liliamua kesi kwa sheria ambazo hazikuandikwa popote. Mwanahistoria Mmarekani Jeffrey Fadiman, alipokusanya historia ya Wameru kati ya 1969 na 1970, alichota mengi kutoka vinywani mwa wazee. Kumbukumbu hizo zilidumu kwa sababu zilisemwa tena na tena, mbele ya watu walioweza kumsahihisha msemaji.

Hiyo ndiyo kazi ambayo apu ya kudurusu hujaribu kuifanya pale ambapo hakuna wazee wa kusikiliza.

Katika kundi hilo, jina linalotajwa zaidi ni Anki, neno la Kijapani lenye maana ya kukariri. Ilitolewa mnamo 2006 na Damien Elmes, mwanaprogramu wa Australia. Mwanafunzi huandika swali upande mmoja wa kadi na jibu upande wa pili. Akishajibu kimoyomoyo, hufunua jibu na kubofya kitufe cha kueleza iwapo alisahau, alikumbuka kwa shida, alikumbuka vyema au lilikuwa jepesi. Programu hutumia jibu hilo kuamua kadi irudi lini: pengine kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha juma, nusu mwezi, mwezi na zaidi. Kadi iliyosahauliwa hurejeshwa karibu na mwanzo.

Kanuni ya kukokotoa siku hizo ilitokana na kazi ya Piotr Woźniak, Mpolandi aliyeanza na kadi za karatasi alipokuwa mwanafunzi na ambaye mnamo 1987 aliandika programu ya kompyuta iliyoitwa SuperMemo. Tangu 2023 Anki ina kanuni mpya zaidi inayoitwa FSRS, ambayo hujirekebisha kulingana na historia ya majibu ya mtumiaji mwenyewe. Mwanafunzi wa kawaida hana haja ya kujua hisabati yake. Akiiwasha na kubofya vitufe kwa uaminifu, inatosha.

Uaminifu huo ni sharti zito kuliko linavyosikika. Mtu anayebofya kwamba alikumbuka vyema ilhali alihitaji kuchungulia hamdanganyi mtu mwingine.

Kwa mkazi wa Meru na Embu, sifa kubwa ya Anki ni gharama. Programu ya kompyuta ni ya bure. Ya simu za Android, iitwayo AnkiDroid, huandaliwa na watu wanaojitolea, nayo ni ya bure na hufanya kazi bila mtandao, kiasi kwamba mwanafunzi aliye ndani ya matatu kati ya Chuka na Embu, simu ikiwa haina hata shilingi ya bando, anaweza kujibu kadi 50 kabla ya kushuka. Wenye iPhone ndio wanaolipia, dola 25 hivi kwa mara moja. Inafaa kuwa mwangalifu wakati wa kupakua, kwani zipo apu nyingine zenye majina yanayofanana na hilo ambazo si za mradi huo.

Kasoro yake ni sura. Anayeifungua mara ya kwanza hukutana na menyu zisizojieleza na mipangilio inayoogofya. Wengi huiacha siku ya pili.

Hapo ndipo Quizlet hupata wateja. Ilibuniwa mnamo 2005 na Andrew Sutherland, wakati huo mwanafunzi wa shule ya upili jimboni California aliyetaka kufaulu somo la Kifaransa, ikafunguliwa kwa umma mnamo 2007. Inapendeza machoni, ina michezo, na seti za kadi zilizoundwa na wengine hupatikana kwa urahisi. Hata hivyo, katika miaka ya karibuni baadhi ya huduma zilizokuwa za bure zimehamishiwa kwa wanaolipia. Mwanafunzi anayeanza nayo leo yafaa atazame kwanza ni kipi anachopewa bure, kwa kuwa shahada au stashahada huchukua miaka mitatu au minne na ada ya kila mwezi huendelea kudaiwa hata wakati wa likizo.

Kwa mtihani mmoja ulio majuma mawili mbele, Quizlet yatosha. Kwa mambo ambayo mwanafunzi atayahitaji miaka mitano baadaye akiwa kazini, Anki inaizidi kwa mbali.

Kwa upande wa ghala, uamuzi ni mwepesi kuliko matangazo yanavyodai. Google Keep huja tayari katika simu nyingi za Android na yatosha kwa vipande vifupi na picha za ubao. OneNote ya Microsoft inafaa zaidi kwa noti ndefu zenye michoro, na huwafaa wanaotumia kompyuta za maktaba kwa sababu noti hufuata akaunti. Notion ni nzuri kwa kupanga ratiba na majedwali, lakini kwa miaka mingi iliegemea mtandao. Uwezo wa kuitumia bila mtandao uliongezwa mnamo Agosti 2025. Obsidian, iliyotolewa mnamo 2020, huweka noti kama faili za maandishi ya kawaida ndani ya kifaa chenyewe, nayo ni ya bure. Joplin inakaribiana nayo.

Ipo sababu ya kuzipa uzito hizo mbili za mwisho. Mnamo Desemba 2023, Evernote, ambayo zamani ilikuwa mfalme wa apu za noti, iliwawekea watumiaji wake wa bure kikomo cha noti 50 na daftari moja. Noti zao za zamani hazikufutwa, lakini aliyekuwa amezidisha kikomo hakuweza kuongeza nyingine bila kulipa au kupunguza. Kwa hivyo, kabla ya kuingiza noti za muhula mzima katika apu yoyote, mwanafunzi ajaribu kwanza kuzitoa. Akishindwa kuitoa noti moja ikiwa kamili na kuifungua mahali pengine, basi aelewe kwamba anapanga nyumba ya mtu.

Wapo wanaouliza kama daftari la karatasi limepitwa na wakati. Utafiti wa Pam Mueller na Daniel Oppenheimer uliochapishwa mnamo 2014 ulionyesha kuwa wanaoandika kwa mkono walijibu vyema zaidi maswali ya ufahamu kuliko waliopiga chapa, kwani mkono hauwezi kuandika kila neno na humlazimu mtu kuchagua. Uchunguzi wa wengine uliofuata haukuthibitisha tofauti kubwa kiasi hicho. Linaloweza kusemwa ni kwamba daftari halimzuii mtu kukumbuka. Noti za mkono darasani, kisha kadi jioni, ni mpango usiohitaji apu ya noti hata kidogo.

Hiyo kadi ya jioni ndiyo penye kazi. Wengi hushindwa na Anki kwa sababu ya kadi mbovu, wakailaumu programu. Kadi inayosema "Eleza kifafa cha mimba" haifai, kwa maana jibu lake ni ukurasa mzima na mtu hawezi kujua iwapo amelipata au amelikosa. Inapaswa kuvunjwa. Dawa ya kuzima sumu ya magnesiamu salfeti ni ipi? Mama apumue angalau mara ngapi kwa dakika kabla ya dozi inayofuata? Mkojo usipungue kiasi gani kwa saa? Kila swali lina jibu moja fupi, na lile linalomsumbua mwanafunzi hujitenga na kurudi mara kwa mara bila kuyaburuta mengine.

Hali ni hiyo hiyo kwa mwalimu mtarajiwa wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Chuka. "Taja ngeli zote" ni kadi ya kumchosha mtu bure. "Wingi wa ukucha ni nini, na liko katika ngeli gani?" ni kadi inayomfundisha kitu.

Si kila somo linalokubali kuvunjwa hivyo. Hisabati hujifunzwa kwa kufanya hesabu na insha kwa kuandika insha. Kadi inaweza kumkumbusha mwanafunzi kanuni, lakini haitamwonyesha mahali pa kuitumia. Asiyeelewa mada naye hana haja ya kukariri vipande vyake; arudi kwanza kwa mhadhiri au kitabuni.

Kishawishi kikubwa ni kupakua kadi zilizokwisha kuundwa. Wanafunzi wa udaktari kote duniani hutumia mkusanyo uitwao AnKing, wenye kadi kwa maelfu, ulioandaliwa kwa ajili ya mitihani ya leseni ya Marekani. Kwa anatomia na fiziolojia hauna ubaya mkubwa. Kwa tiba, mtu awe macho: malaria ambayo kwa Mmarekani ni ugonjwa wa wasafiri, kwa muuguzi wa Tharaka au Mbeere ni kazi ya kila siku, na miongozo ya kufuatwa ni ya Wizara ya Afya ya Kenya.

Vivyo hivyo kwa kadi zinazotungwa na programu za akili bandia kutokana na PDF ya mhadhiri. Ni za haraka, na nyingi huwa sahihi. Lakini kosa likiingia ndani ya kadi, apu italirudia kwa ustadi ule ule inaorudia ukweli, mpaka likakaa kichwani kama msumari. Kila kadi ya dawa au kipimo ilinganishwe na mwongozo kabla ya kuanza kukaririwa. Isitoshe, kuitunga kadi ni nusu ya kuielewa mada, na nusu hiyo hupotea anapoachiwa mwingine kazi.

Suala la kiasi nalo huwaangusha wengi. Anki huja ikiwa imepangiwa kadi mpya 20 kwa siku. Kwa muhula wa majuma 14 hizo ni kadi 1,960, na kadiri zinavyoongezeka ndivyo marudio ya kila siku yanavyoweza kuzidi 100. Kwa sekunde 10 kila moja, kadi 100 ni kama dakika 17, muda ambao mtu yeyote anao. Akiziacha kwa siku sita kwa sababu ya mazishi nyumbani au mafunzo ya zamu za usiku, hukuta mamia yakimsubiri, akakata tamaa. Ni heri kuanza na kadi mpya tano hadi 10, za somo moja tu. Baada ya pengo, asimamishe kadi mpya kwa muda na kuyapunguza marudio kidogo kidogo.

Kuna wanafunzi ambao mjadala huu wa apu hauwafiki kabisa. Katika shule za sekondari za bweni simu haziruhusiwi kwa wanafunzi, na kwingi nyumbani simu ni moja kwa familia nzima na si ya kisasa. Shule zilipofungwa kwa sababu ya korona mnamo Machi 2020, waliokuwa na simu za kawaida walinufaika na huduma kama Shupavu 291 ya Eneza Education, iliyowatumia masomo na maswali kwa ujumbe mfupi.

Kwa hao ipo njia iliyotangulia programu zote. Mnamo miaka ya 1970, Mjerumani Sebastian Leitner alieleza namna ya kutumia kisanduku chenye vyumba vitano. Kadi zote huanzia chumba cha kwanza. Iliyojibiwa sawasawa husogea mbele chumba kimoja. Iliyokosewa hurudi cha kwanza, hata kama ilikuwa imefika cha nne. Chumba cha kwanza hudurusiwa kila siku, cha pili baada ya siku mbili, cha tatu baada ya nne, na kuendelea hivyo. Karatasi ya manila iliyokatwa vipande, boksi la viatu na vigawio vinne vya kadibodi hutosha, na mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kukiweka kisanduku hicho chini ya kitanda bila kuvunja kanuni yoyote ya shule.

Kwa wanaotumia simu, yamesalia mambo mawili. La kwanza linawahusu wanaojifunzia hospitalini: picha ya faili ya mgonjwa si noti. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inayahesabu maelezo ya afya ya mtu kuwa data nyeti, na faili iliyopigwa picha ili "ikasomwe baadaye" huweza kupanda yenyewe hadi kwenye akaunti ya mtandaoni ya mwanafunzi. Aandike funzo, aache jina, namba na sura.

La pili ni nakala ya akiba. Simu huibwa, hudondoka, huingia maji. Anki ina akaunti ya bure iitwayo AnkiWeb ambayo huhifadhi kadi pamoja na historia yake yote ya marudio, na kusawazisha huchukua muda mfupi na data kidogo iwapo kadi hazina picha nyingi. Anayefanya hivyo kila Jumapili jioni, hata simu yake ikipotelea kwenye msongamano wa Makutano siku ya Ijumaa, atakuwa amepoteza kazi ya siku tano.